Mjomba anataka pistoni za 8.0, mke wangu anataka gari liwake asubuhi

SWALI

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni baba wa mtoto mmoja, naishi na familia yangu Forest, hapa Mbeya. Riziki yangu ni mchele. Nauchukua Ubaruku nauza Mwanjelwa. Baba alifariki nikiwa mdogo, akanilea mjomba, kaka yake mama. Yeye ni fundi wa siku nyingi, ana gereji yake, na spana ya kwanza kushika maishani niliishika pale kwake. Nakueleza haya mapema ili uelewe kwa nini jambo la pistoni linaninyima usingizi.

Nina Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ-GE, ile ya lita mbili na nusu isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini. Halijawahi kunitia aibu. Kasoro yake ni milima yetu. Mama yuko Kyela, na nikitoka kwake kupanda Tukuyu hadi Isyonje, nikiwa nyuma ya lori, gari linahema. Nakanyaga, linanguruma, lakini kupita sipiti mpaka nipate nafasi ndefu. Rafiki yangu mwenye gari kama hili Dar anashangaa nikimsimulia. Pamoja na hayo, tangu utotoni nimetamani kuendesha gari ambalo mimi na mjomba tumelijenga kwa mikono yetu. Sikufichi, mama, hamu hiyo inanisukuma kuliko hata lori la Isyonje.

Mwaka huu mjomba alipata tabo safi pamoja na manifoldi yake na intakula ya kupozea hewa yake, akanipa bila kunidai hata shilingi. Sharti lake ni moja: tushushe kompresheni, yaani kiasi ambacho injini inaibana hewa kabla ya kuiwasha. Injini yangu ni 10.5 kwa 1. Yeye anataka tufunge pistoni za foji za 8.0, za ile aloi (mchanganyiko wa alumini) iitwayo 2618, kwa sababu kwa maneno yake, "ukitia tabo kwenye 10.5 umeitia injini kitanzi." Kuna mtu anakwenda Dubai kuleta spea na anataka hela yake mapema. Mjomba ameongeza kwamba hela ikipelea, tubaki na pistoni zilezile, tufunge gasketi mbili za hedi, kompresheni itashuka yenyewe.

Mimi nimesoma huku na huku, naona watu wengi wanaoendesha gari barabarani kila siku huchagua 8.5 au 9.0, na kuna aloi nyingine, 4032, inayosifiwa kwa matumizi ya kawaida. Rafiki wa Dar anasema nisiguse pistoni kabisa, nifunge tabo kwa presha ndogo. Mwingine ananiambia niachane na hayo yote, ninunue 1JZ-GTE kamili, ile iliyotoka kiwandani na tabo.

Hela ni ya mimi na mke wangu. Tulikuwa tunaiweka kwa ajili ya kupaua nyumba yetu Uyole. Nilimweleza kila kitu, akakubali sehemu ya hela hiyo itumike, kwa sababu anajua ninavyolipenda gari. Aliuliza jambo moja tu: "Asubuhi litawaka? Nitakwenda nalo kazini?" Yeye ni muuguzi, na zamu ya asubuhi hutoka kabla jua halijachomoza. Na mama akizidiwa kule Kyela, gari hilohilo ndilo linalomleta hospitali Mbeya.

Nimepiga hesabu. Fungu hilo linatosha pistoni na kuchonga bloku. Halitoshi nozeli kubwa za petroli, kontrolboksi (kompyuta ya injini) ya kupangika, wala kumlipa mtu wa kuitengeneza ramani ya mafuta, yaani mpango wa petroli kiasi gani iingie wakati gani.

Nikimkatalia mjomba hiyo 8.0, ataona nimesoma kwenye simu nikajiona nimemzidi, na tabo yake nimeipokea. Nikikubali, gari likawa zito na la kubembelezwa asubuhi, mke wangu hatasema kitu, na huko kunyamaza kwake ndiko ninakokuogopa. Nifanyeje?

Mwanao, Mpenda Mark, Mbeya

JIBU

Marahaba mwanangu, na ndaga kwa kuandika bila kuficha.

Nimeisoma barua yako nikasikia sauti tatu. Ya mjomba inasema: nisije nikaiua injini ya mwanangu. Ya mkeo inasema: nisije nikaachwa barazani alfajiri. Yako inasema: nataka kujenga kitu na mzee aliyenilea. Umeziweka kana kwamba zinagombana. Mimi sina hakika, na ningependa tuzipitie moja baada ya nyingine kabla hela haijapanda ndege.

Nianze na mjomba, kwa sababu hofu yake ina msingi. Silinda moja ya 1JZ ina kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa milimita 71.5, yaani sentimita za ujazo 415 hivi. Kwenye 10.5, hewa hiyo yote inabanwa ikae kwenye chumba cha sentimita za ujazo 44. Ikibanwa hivyo inapata moto mkali. Ukiongeza hewa ya tabo, ambayo imeshapashwa moto na tabo yenyewe, mchanganyiko uliobaki pembeni unaweza kujilipua wenyewe badala ya kungoja moto wa plagi uufikie. Pigo lake ni la ghafla. Pistoni ya kumimina huvunjika pale kati ya ringi na ringi, au inatoboka juu. Fundi wa umri wa mjomba bila shaka ameshika vipande vya namna hiyo mkononi. Anaposema kitanzi, anakumbuka alichokiona.

Sasa tuangalie 8.0 inatoa nini na inachukua nini. Chumba kinapanuka kufikia sentimita za ujazo 59, na nafasi ya kuepuka kujilipua inaongezeka sana. Ila kabla tabo haijaanza kusukuma, unabaki na injini ya kawaida iliyopunguzwa mbano. Kwa hesabu ya vitabuni, kushuka kutoka 10.5 hadi 8.0 kunapoteza karibu asilimia 7 ya kazi ambayo kila tone la petroli lingefanya. Ukiishia 9.0 hasara ni kama asilimia 4. Mtu wa Dar anaweza kuivumilia. Wewe uko Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ina mgandamizo wa kilopaskali 82 hivi badala ya 101 za pwani. Karibu moja ya tano ya nguvu ulishaiacha njiani kabla hujawasha gari. Ndiyo sababu rafiki yako wa Dar anashangaa. Kwa hiyo 8.0 hapa kwetu inakukata mara mbili, na inakukata palepale unapolalamikia: kwenye mzunguko wa chini, nyuma ya lori, kabla tabo haijaamka.

Toyota wenyewe walilipitia swali hili. 1JZ-GTE ya mwanzo ilikuwa na tabo mbili na kompresheni ya 8.5. Mwaka 1996 walipoleta ile ya VVT-i waliweka tabo moja, wakapandisha kompresheni hadi 9.0. Nguvu iliyotangazwa ikabaki farasi 280 ileile, lakini msukumo wa juu kabisa, ambao zamani ulifika kwenye mizunguko 4,800 kwa dakika, sasa ukafika kwenye 2,400. Sio kompresheni peke yake iliyofanya hivyo. Tabo na kamshafti inayojirekebisha, ndiyo hiyo VVT-i, zilichangia. Lakini wenye injini yao hawakuona ulazima wa kushuka zaidi ili iwe salama. Nao, ukumbuke, waliitengeneza kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, yenye oktani (kipimo cha kutojilipua ovyo) inayokaribia 100, ambayo sisi vituoni hatuipati. Hapo mjomba anarudi kuwa na hoja, unaona?

Kuna jambo ambalo hakuna kati yenu aliyeligusa, na kwako ni kubwa: Kyela. Westigeti ya springi, ile vali inayoachia moshi usizidi kuizungusha tabo, inapima presha kwa kulinganisha na hewa ya mahali ulipo. Tuseme mmeiweka busti, yaani presha ambayo tabo inaiongeza, ya nusu baa. Mbeya, injini inapokea 0.82 na 0.5, jumla 1.32. Ukishuka Kyela, chini ya mita 600, springi ni ileile lakini hewa ya nje ni karibu 0.95, kwa hiyo injini inapokea 1.45. Tena Kyela kuna joto. Gari lililopangwa taimingi (wakati wa plagi kuwasha) na mafuta vizuri kabisa kwenye baridi ya Mbeya linaweza kuanza kujilipua ndani ukiwa umempakia mama na unaanza kupanda. Vilevile ukienda Dar. Yeyote atakayeipanga injini hii lazima aambiwe kwamba gari linakaa juu lakini linashuka mpaka ziwani, na ikiwezekana alijaribu kule chini.

Hesabu hiyohiyo inampa haki kidogo rafiki yako wa presha ndogo. Kwa hapa Mbeya, busti ya 0.2 inakurudishia tu hewa ambayo wa Dar wanaipata bure, ingawa ya kwako itakuwa ya moto zaidi. Pistoni ulizonazo zinaijua hewa hiyo. Kama shida ni lori la Isyonje, huenda hutaki busti kubwa kama unavyodhani. Hatari ya njia hii ni kwamba pistoni za kumimina za 10.5 hazisamehi. Siku nozeli moja ikiziba nusu, au mtu akaiongeza busti kidogo ili kuonja, hakuna akiba. Kontrolboksi ya kiwandani nayo haikuandikwa kwa ajili ya tabo. Haiwezi kuachwa ilivyo hata kwa presha ndogo. Na wewe, nikikusoma vizuri, ni mtu ambaye siku moja atataka kuonja.

Sasa nije kwa mkeo, maana swali lake ni la kifundi kuliko yote mliyojiuliza.

Pistoni ya foji ni alumini iliyokandamizwa kwa nguvu badala ya kumiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo ni imara. Aloi ya 2618 ina silikoni kidogo mno. Inavumilia mapigo kweli, ila ikipata moto inatanuka sana, kwa hiyo ni lazima iachiwe uwazi mkubwa ndani ya silinda. Injini ikiwa baridi inacheza, utaisikia ikipiga kuta mpaka ipate moto. Aloi ya 4032 ina silikoni karibu asilimia 12. Inatanuka kidogo, inafungwa kwa uwazi mdogo, asubuhi imetulia. Lakini ikikutana na kujilipua kukali inapasuka mapema kuliko mwenzake. Miaka niliyosimama kwenye mashine ya kuchonga silinda imenifundisha kumuuliza mteja kwanza, "Nani anaiwasha asubuhi, na anakwenda umbali gani?" Anayeiwasha kwenu ni muuguzi, alfajiri ya Juni au Julai ya Mbeya, na safari ya kutoka Forest kwenda kazini ni fupi, injini haijashika moto ameshafika. Pistoni ya 2618 itawaka, nisikutishe. Lakini maisha ya safari fupi za baridi huimaliza haraka na kuongeza ulaji wa oili. Imetengenezwa zaidi kwa ajili ya injini inayopata moto ikakaa na moto.

Kwa hiyo unapomsikia mkeo akiuliza "litawaka?", usimhesabu kama mpinzani wa gari. Amekupa kipimo. Na huko kunyamaza unakokuogopa, sijui kama kunahusu pistoni au paa la Uyole. Muulize, tena kabla ya safari ya Dubai.

Kuhusu gasketi mbili nitasema kwa ufupi. Gasketi ya ziada ya milimita 1 inaongeza sentimita za ujazo karibu 6 tu kwa silinda, kwa hiyo ungebaki juu ya 9.3, mbali na 8.0 ya mjomba. Kisha unainua hedi kutoka kwenye pistoni, na ule mbano mwembamba wa pembeni, unaochanganya hewa na petroli na kuzuia kujilipua, unapotea. Utakuwa umeshusha kompresheni na kuongeza kile ulichokuwa unakikimbia. Njia hii naiogopa.

Injini kamili ya GTE nayo ina mvuto wake. Pistoni, nozeli na kontrolboksi vinatoka pamoja, na bloku lake hurushia oili chini ya pistoni ili kuzipoza. Lakini ni mtumba wa miaka mingi, hujui aliyeiendesha kabla yako. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kuna TRA, mamlaka ya mapato, kuna bima. Na ile hamu ya kujenga na mjomba inageuka kuwa siku moja ya kuinua na kushusha kwa winchi. Ni wewe tu unayejua kama hilo linakutosha.

Ninalotaka ulitafakari sana ni hesabu ya hela. Umesema fungu linatosha pistoni na kuchonga, halitoshi mafuta na ramani yake. Pistoni za foji na kompresheni ya chini zinanunua muda. Injini ikikosa petroli ya kutosha, au plagi ikiwashwa mapema mno, itajilipua kwenye 10.5 haraka, na kwenye 8.0 kwa kuchelewa. Foji inachelewa kuvunjika, lakini nayo huyeyuka. Kuna watu wangeanza kwa kukusanya nozeli, kontrolboksi, kipimo cha hewa na mafuta kwenye ekzosi, wakaacha tabo ikae kabatini hadi fungu la pili lipatikane. Hatari yake ni kungoja, na kungoja mbele ya mzee aliyekupa zawadi kunachosha. Wengine wangefunga pistoni sasa, waendeshe bila tabo mpaka hela ipatikane. Hapo miezi yote hiyo utaendesha Mark yenye mbano mdogo kwenye hewa ya Mbeya bila msaada wowote, na itakuwa dhaifu kuliko ulivyoizoea.

Tuzungumze juu ya mjomba mwenyewe. Umedhani njia ni mbili, kumtii au kumpinga. Je, umewahi kumuuliza alifikaje kwenye 8.0? Inawezekana anakumbuka injini fulani iliyovunjika, petroli mbaya ya wakati fulani, au mteja aliyetaka busti ya kupindukia. Pengine anakujua wewe na mguu wako. Ukienda na namba yako ya 9.0, mtashindana namba. Ukienda na hali ya gari, mnakaa upande mmoja: "Mjomba, gari hili analiwasha mke wangu alfajiri, tunashuka nalo Kyela kumchukua mama, petroli ni ya kituoni, na busti ninayotaka ni hii. Kwa gari la namna hiyo, tungeweka ngapi?" Swali la namna hiyo linamwachia ufundi wake. Anaweza kukushangaza kwa kushuka mwenyewe kutoka 8.0. Anaweza pia kushikilia, akakupa sababu ambayo mimi na simu yako hatukuifikiria. Na anaweza kukasirika. Hilo siwezi kukuahidi halitatokea. Mama yako ni dada yake, na ndiye anayepandishwa mlima na gari hilo. Pengine naye ana neno la kusema.

Ukiweza, mpeleke mkeo kwenye mazungumzo hayo, mjomba asikie swali lake kutoka kinywani mwake mwenyewe. Wazee wengi hulainika mbele ya mkwe kuliko mbele ya mwana waliyemfundisha spana.

Vyovyote mtakavyoamua, bloku lipimwe kwanza, msiagize kabla ya kujua silinda zimelika kiasi gani; hapo ndipo mtajua kama mnahitaji pistoni za 86 au za 86.5. Na lisichongwe mpaka pistoni ziwe mezani, kila moja imepimwa kwa maikromita na kuandikwa namba ya silinda yake. Uwazi wa ringi ufuate karatasi ya mtengenezaji kwa injini ya tabo. Injini ya tabo huachiwa uwazi mkubwa kidogo, kwa sababu ncha za ringi zikikutana zikiwa na moto, zinaivunja pistoni hata kama ni ya foji. Mtu wa Dubai akikuharakisha, mwambie unangoja vipimo vya bloku. Kama anaijua biashara ya spea, ataelewa, na kama hawezi kungoja, wapo wengine wanaosafiri.

Ukishakaa na mjomba niandikie alichojibu. Napenda sana kujua hiyo 8.0 ilitoka wapi.